Rangi zimo kwenye faili, ila hazionekani: uzoefu wangu wa kuhamisha rangi za vateksi na uwazi

Gemu yetu inahusu ngalawa, na ngalawa bila maji si kitu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi yangu imeishia kwenye maji ya pwani: kijani kinachong'aa karibu na mchanga, bluu iliyokolea ukishavuka mwamba, na ule ukingo mwembamba ambao maji yanaisha na huwezi kuonyesha kwa kidole mchanga mkavu umeanzia wapi. Timu yetu ni watu wawili, tupo Dar es Salaam. Mimi naunda maumbo kwenye Blender, programu ya kuunda vitu vya 3D, mwenzangu anaandika programu. Wachezaji tunaowalenga wana simu za Android za bei ya chini, zile ambazo picha za harusi na video za WhatsApp zimeshamaliza nafasi yote.

Simu hizo ndizo zilizonisukuma kwenye rangi za vateksi. Teksicha (picha inayovikwa juu ya umbo) moja ya pikseli 1024 kwa 1024 yenye chaneli nne, yaani nyekundu, kijani, bluu na alfa (kipimo cha uwazi), bila kubanwa, inakula MB 4 za kumbukumbu. Ukiibana kwa ETC2, mbinu ya kubana teksicha kwenye simu, pamoja na alfa yake inashuka hadi MB 1. Meshi (wavu wa pembetatu unaounda umbo) ya maji yenye vateksi 3,000, kila moja ikibeba rangi yake kwa baiti nne, inaongeza KB 12 tu, na huhitaji hata kufungua UV, yaani kulikunjua umbo ili teksicha ilale juu yake. Kwa mtindo wa gemu yetu, wa maumbo yenye poligoni chache na rangi pana zilizotulia, sikuona sababu ya kubeba teksicha.

Kwa asiyejua: vateksi ni zile nukta ambazo pembetatu za umbo zinakutana. Kila nukta ina mahali pake na mwelekeo wake wa uso, na ukitaka unaipa pia nyekundu, kijani, bluu na alfa. Chipu ya michoro inachukua rangi za nukta tatu na kuzichanganya katikati ya pembetatu. Wazo la kuchanganya namna hiyo ni la zamani. Henri Gouraud, Mfaransa aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Utah, alilieleza mwaka 1971 kwa ajili ya mwanga. Maana yake kwa mchoraji ni moja: rangi haiwezi kubadilika mahali pasipo na nukta. Ukitaka maji yabadilike ghafla kwenye mwamba, lazima uweke mstari wa vateksi pale pale kwenye mwamba. Brashi peke yake haitakusaidia.

Blender tangu toleo la 3.2, la mwaka 2022, inaziita hizi atributi za rangi, na unapoziunda inakuuliza maswali mawili ambayo wengi tunayabofya bila kusoma. La kwanza: rangi ikae kwenye vateksi yenyewe, au kwenye kona ya kila uso? Ikikaa kwenye vateksi, nyuso zote zinazokutana pale zinashiriki rangi moja na mpito unakuwa laini. Ikikaa kwenye kona, kila uso unaweza kuwa na rangi yake, mpaka mkali kabisa, lakini injini ya gemu (programu inayoiendesha, kama Godot, Unity au Unreal) italazimika kuigawa vateksi hiyo mara kadhaa. Mchemraba wenye pembe 8 unaweza kufika kwenye injini ukiwa na vateksi 24. Kwa maji nachagua vateksi. Kwa nyumba za makuti na maboti yenye mistari ya rangi nachagua kona, nikijua gharama yake.

La pili: rangi ihifadhiwe kwa baiti au kwa desimali? Hapa ndipo pana shimo. Rangi ya baiti Blender inaihifadhi kwa kipimo cha sRGB, kilekile cha picha za kawaida. Rangi ya desimali inahifadhiwa kwa kipimo cha linia, yaani kiasi halisi cha mwanga. Namba hizo mbili hazilingani. Kijivu cha katikati unachokiona kama 128 kati ya 255 ni takriban 0.216 kwenye linia, wala si 0.5. Mtu yeyote njiani akisahau kubadilisha, au akibadilisha mara mbili, utaona.

Kuhusu alfa, Blender ina brashi za kupaka rangi za vateksi zenye hali ya kufuta alfa na ya kuongeza alfa. Tatizo ni kwamba unapopaka, skrini haikuonyeshi vizuri unachokifanya. Mazoea yangu ni kuweka materiali (maelezo ya jinsi uso unavyochorwa) ya muda ambayo naunganisha alfa ya atributi moja kwa moja kwenye mwanga unaotolewa na uso wenyewe. Meshi yote inageuka nyeusi, kijivu na nyeupe: nyeusi ni uwazi kamili, nyeupe ni kitu kizito, yaani kisichoonyesha kilicho nyuma yake. Napaka nikiwa kwenye mwonekano huo, nikimaliza naitupa ile materiali.

Kisha faili linatoka, na hapo kila fomati ina tabia yake. OBJ kwa asili haina mahali pa rangi za vateksi. Baadhi ya programu huziongeza baada ya namba za mahali kwenye mstari wa vateksi, lakini ni makubaliano ya mtaani tu, na alfa haimo. FBX inazibeba zote nne, na Blender inakupa chaguo la kuzitoa kwa sRGB, kwa linia, au kutozitoa kabisa. glTF 2.0, iliyotoka mwaka 2017 chini ya Khronos, muungano wa kampuni unaotunga viwango vya michoro, ndiyo ninayoipenda, kwa sababu maelezo yake hayaachi mambo hewani: atributi inaitwa COLOR_0, namba zake ni za linia, na rangi hiyo inazidishwa na rangi ya msingi ya materiali.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba glTF inaweza kutolewa kama maandishi. Mwenzangu aliponiambia, "Kaka, maji yako yamekuja meupe pe, rangi umeziacha kwako," sikubishana naye. Nilifungua faili kwenye kihariri cha maandishi nikatafuta COLOR_0. Mbele yake kuna namba ya orodha ya data, na ukiifuata unakuta aina yake. Ikiandikwa VEC4, chaneli nne zimesafiri. Ikiandikwa VEC3, alfa imebaki nyumbani. Ikiwa neno COLOR_0 halipo kabisa, basi hakuna kilichosafiri. Kwenye faili lile VEC4 ilikuwepo. Rangi zilikuwa zimefika mpaka mezani kwake. Ila materiali aliyoitengeneza upya kwenye injini haikuwa na habari nazo.

Hilo ndilo jambo ambalo ningemwambia kila anayeanza. Namba zinasafiri, lakini agizo la nini kifanywe na namba hizo mara nyingi halisafiri. Ni mzigo uliopakiwa kwenye basi la mkoani bila jina la mpokeaji: unafika stendi salama, na hakuna anayeuchukua.

Kila injini ina mpokeaji wake. Kwenye Godot, materiali ya kawaida ya 3D ina sehemu ya rangi za vateksi yenye visanduku viwili: kimoja kinaiambia itumie rangi hizo kama rangi ya uso, kingine kinaiambia kwamba namba zimekuja kwa sRGB. Materiali mpya ukiiunda kwa mkono, vyote viwili havijawashwa. Kwenye Unity, sheda (programu ndogo inayoamua uso uchorwe vipi) ya kawaida ya kitu chenye mwanga haisomi rangi za vateksi kabisa; zile za chembechembe zinasoma, au unajenga yako kwenye Shader Graph, chombo cha Unity cha kujenga sheda kwa kuunganisha visanduku viitwavyo nodi, kwa nodi ya rangi ya vateksi. Kwenye Unreal, dirisha la kuingiza meshi linakuuliza kama rangi za faili zichukuliwe, zipuuzwe, au zifunikwe kwa rangi moja, na hata baada ya hapo lazima nodi ya rangi ya vateksi iwepo ndani ya materiali. Hakuna iliyoharibika hapo. Wameamua hivyo kwa sababu meshi nyingi duniani zinabeba rangi za vateksi za bahati mbaya, na hakuna anayetaka gari lake ligeuke zambarau kwa sababu ya takataka zilizosahaulika ndani ya faili.

Tatizo lililofuata lilikuwa rangi zilizopauka. Hiyo ilitokea kwenye kazi nyingine, ya mteja aliyetaka FBX. Namba zilitoka kwa sRGB, zikasomwa upande wa pili kana kwamba ni za linia, na kijivu cha 128 kikaonekana kama 188. Kijani changu cha pwani kikawa kijani cha dawa ya meno. Mteja alidhani nimebadilisha rangi makusudi. Sasa nina kibao cha majaribio ambacho natuma kabla ya kitu chochote: safu ya miraba yenye rangi za kona, kuanzia nyeusi, kijivu cha 64, cha 128, cha 192, hadi nyeupe, na chini yake safu ya pili ambayo rangi ni nyeupe tupu lakini alfa inapungua kwa hatua hizo hizo. Namwomba mtu wa upande wa pili anipigie picha ya skrini, kwa materiali isiyo na mwanga. Kijivu cha 128 kikisomeka 188, sRGB haikugeuzwa. Kikisomeka karibu na 55, kimegeuzwa mara mbili. Ninamaliza mabishano ya rangi kwa picha moja.

Kibao hicho hicho kina jambo la kuchekesha. Safu ya alfa haipindi, hata pale ambapo safu ya juu imepinda vibaya. Kipimo cha sRGB kinahusu nyekundu, kijani na bluu tu. Alfa ni kiasi, si rangi, haigeuzwi. Ukiona kijivu kimeharibika lakini uwazi uko sawa, usianze kutafuta tatizo kwenye meshi.

Sasa uwazi wenyewe. Kuna watu wanadhani ukishafikisha alfa kazi imekwisha, kumbe ndiyo inaanza. Kwenye glTF, materiali ina hali tatu: OPAQUE, MASK na BLEND. Usipotaja chochote ni OPAQUE, na hapo alfa inapuuzwa kwa mujibu wa maelezo yenyewe, hata iwe sifuri. MASK inakata: juu ya kiwango fulani, ambacho kwa kawaida ni 0.5, pikseli ipo. Chini yake haipo. BLEND ndiyo inayochanganya kilicho mbele na kilicho nyuma. Tangu Blender 4.2 mambo yamebadilika kidogo: ile menyu ya zamani ya kuchagua ukataji haipo tena, na anayetaka MASK anaijenga kwa nodi za hesabu kabla ya alfa kuingia kwenye materiali. Wanaofuata mafunzo ya zamani ya YouTube wanapotelea hapo.

Maji yangu yalihitaji BLEND, lakini BLEND ina gharama mbili. Ya kwanza ni mpangilio. Kitu kizito kinaandika umbali wake kwenye bafa ya kina, kumbukumbu ya umbali wa kila pikseli, kwa hiyo injini inajua nani yuko mbele. Kitu chenye uwazi kwa kawaida hakiandiki. Injini inavipanga vitu vya namna hiyo kutoka vya mbali hadi vya karibu kwa kuangalia kila kitu kizima, na ndani ya meshi moja pembetatu zinachorwa tu kwa mpangilio uliomo kwenye faili. Bahari yetu ilikuwa meshi moja ndefu, kitovu chake kikiwa mbali kule katikati. Moshi wa jiko la wavuvi ufukweni ulikuwa mara uko mbele ya maji, mara nyuma, kutegemea kamera imesimama wapi. Tulilazimisha: maji yachorwe kwanza, moshi baadaye. Kwenye Godot kuna namba ya kipaumbele kwenye materiali. Kwenye Unity kuna foleni, ambapo vitu vizito vinaanza na 2000 na vyenye uwazi 3000, nawe unasogeza namba.

Gharama ya pili ni pikseli zenyewe. Kila tabaka la uwazi linaichora upya pikseli ileile, na kwenye simu ya bei ya chini bahari iliyojaa skrini nzima kwa BLEND inahisiwa hata kwa mkono, maana simu inapata joto. Hapa nilikaa muda mrefu nikiyaangalia maji, na nikaona kitu ambacho mvuvi yeyote angeniambia bure: maji ya kina kirefu huoni chini yake. Uwazi unahitajika ufukweni tu. Basi nikakata bahari vipande viwili. Kile kikubwa ni kizito kabisa, hakina alfa yoyote. Kile cha ufukweni ni ukanda mwembamba wenye BLEND. Kwenye mshono, vateksi za vipande vyote viwili zinakaa mahali palepale, zina rangi ileile na mwelekeo uleule wa uso, na alfa ya ukanda pale ni 1 kamili. Mshono hauonekani, na simu inapumua.

Ukanda huo ulinifundisha mambo mawili madogo ambayo sikuyakuta kwenye mafunzo. Moja ni mshazari. Umbo la pembe nne likienda kwenye injini linakatwa kuwa pembetatu mbili, na rangi inachanganywa ndani ya kila pembetatu peke yake. Vateksi moja ikiwa na alfa sifuri na tatu zikiwa na 1, sura ya mpito inategemea mshazari umekatwa upande gani. Ufukwe wangu ulitoka na vipembe vipembe, zigizaga kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikaacha kuuachia mfumo ukate. Nazikata pembetatu mwenyewe kabla ya kutoa faili, nageuza mishazari inayokaidi, na mistari ya vateksi naipitisha sambamba na ufukwe badala ya kuikatisha.

Jingine ni rangi iliyo chini ya uwazi. Pale alfa inapokuwa sifuri mtu anafikiri rangi haina maana, maana haionekani. Lakini kati ya vateksi yenye alfa sifuri na jirani yake mwenye alfa 1, rangi nazo zinachanganywa. Kama ile isiyoonekana ni nyeusi, ukingo wa maji unapata kivuli kichafu cha kijivu, kana kwamba kuna mafuta yamemwagika. Thomas Porter na Tom Duff walishaonyesha mwaka 1984 kwa nini ni busara kuzidisha rangi na alfa mapema kabla ya kuchanganya, na injini nyingi zina hali hiyo. Mimi natumia njia ya mkono: nyuma ya kila alfa sifuri napaka kijani chepesi kilekile cha maji ya ufukweni. Napaka rangi kwanza kote, alfa baadaye, na sichanganyi kazi hizo mbili.

Kwa minazi sikutumia BLEND hata kidogo. Kuti la mnazi nimelichonga kwa poligoni, zito, kwa sababu chipu nyingi za simu hazipendi hata MASK: ukataji wa pikseli unazivurugia uwezo wa kujua mapema kipi kimefunikwa. Chaneli za minazi tunazitumia kwa kazi nyingine. Nyekundu ni kiasi shina linavyoyumba, kijani ni mtikisiko wa kuti, bluu ni kivuli cha ndani ya kichala. Hizo si rangi, ni vipimo, kwa hiyo nazihifadhi kwa desimali na hakuna kisanduku cha sRGB kinachowashwa. Hapo pia kitoaji cha glTF cha Blender kinahitaji kuangaliwa, kwa sababu kikiwekwa kifuate materiali, atributi isiyounganishwa na rangi ya msingi hakiitoi. Lazima ukiambie waziwazi kwamba unaitaka ile inayotumika, hata kama materiali haiijui. Na ukipitisha faili kwenye gltfpack, zana ya kubana faili za glTF, ili lipungue, kuna alama ya -kv ya kumwambia asitupe atributi zinazoonekana hazina kazi.

Kuna kituo kimoja cha mwisho ambacho kinawashika hata wazoefu. Kwenye Unity kuna mpangilio wa kupunguza data za meshi wakati wa kutengeneza faili la simu: unatazama materiali iliyowekwa kwenye kila meshi, na chochote ambacho sheda yake haisomi, zikiwemo rangi, kinaondolewa. Ni jambo zuri kwa ukubwa wa gemu. Lakini kama materiali inabadilishwa gemu ikiwa inaendelea, mathalani mchana sheda moja na usiku nyingine inayosoma rangi, kwenye kompyuta kila kitu kiko sawa na kwenye simu usiku unaingia mweupe. Rafiki yangu mmoja wa Nairobi alinitumia video ya tatizo hilohilo akilaumu simu. Nikamwambia aweke kwenye onyesho meshi ileile ikiwa na ile materiali ya usiku tangu mwanzo, au azime mpangilio huo, kisha atengeneze upya.

Na tanga la ngalawa, ambalo watu wanalisifu kuliko maji yote niliyohangaika nayo, halina uwazi wowote. Wanaojaribu gemu wananiuliza tumetumia sheda gani kupitisha jua kwenye kitambaa. Ni zito kabisa. Katikati ya tanga nimepaka njano iliyopauka kwenye vateksi, pembeni kahawia ya kitambaa kilichochakaa, na mstari mmoja wa vateksi za giza pale ambapo foromali, mti unaoshikilia tanga, inapita nyuma yake.